Lafudhi ya Mhusika, Ulimi wa Mwigizaji

Lafudhi ni namna ya kutamka inayomtangaza mtu kabla hajajitambulisha: alikokulia, lugha aliyoanza nayo nyumbani, mara nyingine hata shule aliyosoma na kazi anayofanya. Si kitu kimoja na lahaja. Lahaja ina maneno yake na sarufi yake. Mmvita anayesema "ndoo" pale Muunguja anaposema "njoo" anatumia lahaja ya kwao. Lafudhi hukaa juu ya maneno ambayo wote wanayo. Taarifa ya habari ya Kiswahili sanifu, neno kwa neno, ikisomwa na watu watano kutoka Pemba, Musoma, Kisumu, Bujumbura na Lubumbashi, itasikika kwa namna tano, na msikilizaji mzoefu atamrudisha kila msomaji kwao bila kumwona. Mwigizaji anayepewa nafasi ya mtu wa kwingine hukabiliwa na sikio hilo. Uso hupakwa rangi, nywele hubadilishwa, nguo hushonwa na fundi. Kinywa hana budi kukifundisha mwenyewe.

Ugumu wa kazi hiyo una chanzo kinachojulikana. Mtoto mchanga husikia tofauti za sauti za lugha yoyote duniani. Kabla hajatimiza mwaka mmoja, sikio lake limekwisha kuegemea sauti za wanaomlea, na zile zisizotumika nyumbani huanza kumpita. Akijifunza lugha nyingine ukubwani huijenga kwa sauti alizonazo. Kijaluo hakina "sh", kwa hiyo Mjaluo aliyejifunza Kiswahili akiwa mtu mzima huelekea kusema "samba" na "sida". Kikuyu hakina "l" na Kisukuma hakina "r", hivyo Mkikuyu na Msukuma hupishana kwenye herufi hizohizo mbili, kila mmoja akielekea upande wake. Katika lugha za Kikalenjini tofauti ya "b" na "p" haibadilishi maana ya neno, basi sauti hizo hubadilishana nafasi kinywani bila mwenyewe kutambua. Nazo "dh", "th" na "gh", zilizokuja na maneno ya Kiarabu, kwa watu wengi wa bara huwa "z", "s" na "g".

Hayo ni ya konsonanti, na ndiyo mepesi. Mazito yamo kwenye wimbo wa sentensi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na hakitumii kupanda na kushuka kwa sauti kutenganisha maana za maneno. Kikuyu, Kihaya na Kilingala hufanya hivyo, na wimbo huo humfuata mzungumzaji hata anapotamka kila herufi sawasawa. Waigizaji wengi huanguka hapo. Hushika herufi mbili tatu zinazojulikana na kila mtu, wakazirudia kwa bidii, huku sentensi nzima ikiendelea kuimba wimbo wa nyumbani kwao.

Uingereza na Marekani zina walimu wa kazi hii, na majina yao hutajwa mwishoni mwa filamu pamoja na mafundi wengine. Mwalimu wa lafudhi huanza kwa kutafuta sauti za watu halisi, kwa sababu kumwiga mwigizaji mwingine ni kurithi makosa yake. Mwaka 1998 Paul Meier alianzisha mkusanyiko wa rekodi za watu wa nchi mbalimbali wakizungumza Kiingereza cha kwao, na waigizaji wengi wamekuwa wakiutumia. Kisha huja maandishi ya kifonetiki, yenye asili katika chama cha walimu wa lugha kilichoundwa Paris mwaka 1886, ambapo kila alama inasimama badala ya sauti moja tu. Baada ya hapo mwalimu hushughulikia mkao wa kinywa: taya limelegea au limekaza, ulimi umelala mbele au nyuma, midomo inatumika sana au haitumiki kabisa, pumzi inapita puani kiasi gani. Mkao ukipatikana, sauti nyingi hujipanga zenyewe.

Wapo waigizaji wanaobaki katika lafudhi ya mhusika kutwa nzima, chakulani na kwenye simu, ili wasije wakaitafuta kamera inapowashwa. Hatari kubwa iko kwenye hasira, kilio na kicheko. Mtu akipandwa na hisia hurudi kwenye kinywa alichokulia nacho, na mwigizaji ni mtu vilevile. Mwalimu makini basi hutumia muda mrefu kwenye kelele kuliko kwenye mazungumzo ya kawaida.

Jambo lenyewe ni la zamani kuliko filamu. William Shakespeare katika tamthilia yake ya Henry V aliwakusanya kwenye kambi moja makapteni wa Wales, Ireland na Scotland, kila mmoja akiongea Kiingereza kwa kinywa cha kwao. Katika The Merry Wives of Windsor aliwaweka kasisi wa Wales na tabibu wa Ufaransa, na akaiandika lafudhi yao ndani ya tahajia ya maneno, hata "b" ya kasisi ikawa "p". Mchekeshaji wa Nairobi anapotaka kumwonyesha Mkalenjini au Mluhya hushika herufi hizohizo. Lafudhi za mbali zinakutana kwenye mbinu moja, nayo ni kuchagua kosa linalosikika upesi na kuliongeza chumvi.

Filamu za mwanzo hazikuwa na sauti, kwa hiyo asili ya mwigizaji haikuwa na maana. The Jazz Singer ya mwaka 1927 ilipofungua enzi ya sinema ya sauti, nyota wenye lafudhi nzito za Ulaya walijikuta mashakani. Greta Garbo wa Sweden aliokolewa na uamuzi wa busara: filamu yake ya kwanza ya sauti, Anna Christie ya mwaka 1930, ilimpa mhusika mwenye asili ya Sweden. Katika miongo iliyofuata waigizaji wa Marekani walifundishwa matamshi yasiyo ya mahali popote, nusu ya Uingereza na nusu ya Marekani, yaliyosambazwa na walimu kama Edith Skinner. Matamshi hayo yalichukuliwa kuwa ndiyo usemaji mzuri wa jukwaani. Kwa miaka mingi mhusika wa Kirumi, wa Kimisri na wa New York waliongea kwa kinywa kimoja, na watazamaji waliyazoea.

Filamu iliyopigwa Kenya, Out of Africa ya mwaka 1985, inafaa kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu ndani yake mna maamuzi mawili yanayopingana, na yote yalipitishwa na mwongozaji mmoja, Sydney Pollack. Hadithi inamhusu Karen Blixen, Mdenishi aliyeishi Kenya kuanzia mwaka 1914 hadi 1931 akiendesha shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Meryl Streep, Mmarekani, alisikiliza rekodi za Blixen mwenyewe akisoma maandishi yake, kisha akajenga lafudhi juu ya sauti ile: Kiingereza cha mwanamke wa tabaka la juu la Denmark, cha taratibu, chenye irabu zilizotulia. Hakutafuta lafudhi ya Wadenishi kwa jumla. Alimtafuta mtu mmoja, wa umri fulani na malezi fulani.

Mpenzi wa Blixen, Denys Finch Hatton, alikuwa mwana wa lodi wa Kiingereza aliyepitia Eton na Oxford. Robert Redford, mzaliwa wa California, alikuja akiwa tayari kumwigiza kama Mwingereza. Pollack alimzuia. Aliona kwamba watazamaji wanamfahamu Redford mno, na lafudhi ya Kiingereza ingewafanya wasikilize lafudhi badala ya maneno. Baadhi ya sentensi alizokwisha kuzisema kwa kinywa cha Kiingereza zilirekodiwa upya. Mwingereza yule akabaki na sauti ya Mmarekani kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Uamuzi wa Pollack ulikuwa na mantiki ya biashara, na filamu ilishinda tuzo 7 za Oscar. Hata hivyo hadithi ilipungukiwa. Katika Kenya ya wakati ule lafudhi ilikuwa daraja la kijamii. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Blixen alishukiwa na baadhi ya walowezi wa Kiingereza kuwa anawapendelea Wajerumani, na ugeni wa sauti yake ulikuwa sehemu ya upweke wake. Mwanamume aliyempenda alitoka katika kilele cha tabaka lililomshuku. Mtazamaji anayemsikia Redford hapati umbali huo. Anaona wageni wawili, kumbe mmoja alikuwa mwenyeji wa mamlaka yenyewe.

Upo upande wa tatu ambao mijadala ya filamu hiyo huugusa mara chache sana. Farah, msimamizi wa nyumba ya Blixen, alikuwa Msomali. Aliigizwa na Malick Bowens, msanii hodari mzaliwa wa Mali. Sauti ya Mmali na sauti ya Msomali anayezungumza Kiingereza zina umbali mkubwa kuliko ule wa London na California. Kwa watengenezaji na kwa wakosoaji wengi, umbali huo haukuhesabiwa. Lafudhi ya Kidenishi ilistahili rekodi na miezi ya mazoezi. Ya Kisomali ilitosha kuwa ya Kiafrika. Hapo ndipo penye dhuluma ya kweli katika fani hii. Lafudhi hukaguliwa kwa ajili ya masikio yanayoheshimiwa, na kwa muda mrefu masikio ya wenye lafudhi za Afrika hayakuwa miongoni mwao.

Ndiyo maana kazi ya Forest Whitaker katika The Last King of Scotland, filamu ya mwaka 2006 iliyoongozwa na Kevin Macdonald, ina uzito wa pekee kwa Afrika Mashariki. Whitaker ni mzaliwa wa Texas. Alipewa nafasi ya Idi Amin, mtu ambaye sauti yake ilikuwa bado masikioni mwa mamilioni, na filamu ilipigwa Uganda kwenyewe, mbele ya watu walioishi chini ya utawala wake. Kulikuwa na rekodi nyingi, ikiwemo filamu ya maisha yake iliyotengenezwa na Barbet Schroeder mwaka 1974, ambamo Amin anaonekana akihutubia, akicheka na kupiga kodiani. Whitaker alijifunza kodiani. Kilicho muhimu zaidi, alijifunza Kiswahili.

Hatua hiyo ilikuwa sahihi kwa sababu za historia. Amin alikuwa Mkakwa wa eneo la West Nile. Alikulia kwenye mazingira ya Kinubi, na maisha yake ya utu uzima aliyajenga katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya amri na ya kambini. Mwaka 1973 ndiye aliyetangaza kwa amri kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa ya Uganda. Kiingereza chake kilikuwa cha jeshini, kilichokaa juu ya lugha hizo zote. Mwigizaji angemchukua mwalimu wa Kampala na kuiga Kiingereza cha Waganda angepata lafudhi ya Uganda iliyo halali kabisa, na angekuwa amemkosa Amin. Whitaker alipita njia ambayo ulimi wa Amin ulipita. Mhusika wake akibembeleza, sauti hushuka na kuvutwa. Akitisha, sentensi hukatika kama amri za gwaride. Na kicheko huingia kabla ya tishio. Mwaka 2007 alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume.

Mafanikio kama hayo si mengi. Nelson Mandela peke yake ameigizwa na Danny Glover, Sidney Poitier, Dennis Haysbert, Morgan Freeman na Idris Elba, na hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa Afrika Kusini. Freeman katika Invictus ya mwaka 2009 aliupata utulivu na mwendo wa maneno ya Mandela, ingawa sauti yake mwenyewe, inayojulikana dunia nzima, ilipenya mara kwa mara. Will Smith alipomwigiza daktari wa Kinaijeria Bennet Omalu katika Concussion ya mwaka 2015, Wanaijeria wengi walilalamika kwamba lafudhi ile haikuwa ya kwao. Nchi yenye lugha mamia haiwezi kuwa na lafudhi moja. Mwigbo, Myoruba na Mhausa hutambuana kwa sentensi ya kwanza, na Omalu ni Mwigbo.

Black Panther ya mwaka 2018 ilileta hoja nyingine. Wakanda ni nchi ya kubuni, haina wenyeji wa kuilalamikia lafudhi. Chadwick Boseman, mzaliwa wa South Carolina, alisimama imara kwamba mfalme T'Challa azungumze kwa lafudhi ya Kiafrika. Walikuwepo watu waliohofia kwamba watazamaji wasingeivumilia kwa filamu nzima. Hoja ya Boseman ilikuwa kwamba nchi ambayo haikuwahi kutawaliwa na wakoloni haina sababu ya kumfanya mfalme wake aongee kama aliyelelewa Uingereza. Msingi ulikwisha kuwekwa mwaka 2016 katika Captain America: Civil War, ambamo John Kani, gwiji wa jukwaa la Afrika Kusini, aliigiza baba wa T'Challa na kuleta Kixhosa, lugha yake ya kuzaliwa, ndani ya mazungumzo ya wawili hao. Boseman ilimbidi ajifunze vidoko vya Kixhosa, vinavyoandikwa kwa herufi "c", "q" na "x". Beth McGuire, mwalimu aliyebobea katika lafudhi za Afrika, aliwafundisha waigizaji waliotoka kila upande: Letitia Wright mzaliwa wa Guyana, Daniel Kaluuya wa London mwenye wazazi Waganda, Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala na kukulia Ujerumani, na Winston Duke wa Trinidad na Tobago, ambaye mhusika wake M'Baku alipewa sauti yenye asili ya Kiigbo.

Sikio la Afrika Mashariki lina neno la kusema hapo. Filamu hizo zinaiweka Wakanda upande huu wa bara, kisha zinawapa watu wake lugha ya kusini kabisa na lafudhi zilizotawanyika kuanzia Lagos hadi Cape Town. Lakini Kixhosa kilichotumika ni lugha kamili yenye wenyewe, kilisemwa na mwenyewe, na wenzake wakajifunza kwake. Hilo ni tofauti kubwa na zama ambazo waigizaji walitoa milio isiyo na maana na kuiita lugha ya Kiafrika. Kani huyohuyo alimpa sauti Rafiki katika The Lion King ya mwaka 2019. Katika ile ya mwaka 1994 mhusika huyo mwenye jina la Kiswahili alisemewa na Robert Guillaume, Mmarekani wa St. Louis, kwa lafudhi ya kutunga.

Mzigo wa kubadili kinywa hauwaangukii wote sawasawa. Mwigizaji wa Marekani huazima lafudhi ya Kiafrika kwa filamu moja akairudisha. Mwigizaji wa Afrika au mwenye asili ya Afrika, akitaka kazi Marekani, huambiwa aache ya kwake kwanza. Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya, alipokuwa mwanafunzi wa uigizaji katika chuo kikuu cha Yale alijilazimisha kuongea Kimarekani hata nje ya darasa, kwa imani kwamba bila hivyo hatapata nafasi. Baada ya filamu ya 12 Years a Slave aliamua kurudia lafudhi yake ya Kenya hadharani, na amesimulia wazi jinsi kuipoteza kulivyomuuma. Idris Elba, mtoto wa Hackney mwenye baba wa Sierra Leone na mama wa Ghana, alipofanyiwa usaili wa tamthilia ya The Wire alificha Uingereza wake, kwa sababu waandaaji walitaka Wamarekani. Mwingereza Hugh Laurie alirekodi jaribio lake la tamthilia ya House akiwa hotelini Namibia, na mwongozaji Bryan Singer aliyelitazama alimsifu kama mfano wa Mmarekani halisi aliyekuwa akimtafuta. Kwa Laurie hilo lilikuwa ushindi wa ufundi. Kwa Nyong'o jambo lilifika ndani zaidi, kwa sababu lafudhi yake yenyewe ilichukuliwa kuwa kizuizi.

Katika Afrika Mashariki mfano mkubwa kuliko yote ni wa Benson Wanjau wa Kenya. Watu wengi hawalijui jina hilo; wanamjua Mzee Ojwang. Kwa miongo kadhaa, katika Vitimbi na vipindi vingine vya televisheni ya taifa, alikuwa mzee wa Kijaluo: miwani mikubwa, majivuno, hasira za ghafla, na Kiswahili kilichobeba Kijaluo katika kila silabi. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Mary Khavere, aliyekuwa mkewe kwenye igizo kwa jina la Mama Kayai, ni Mluhya. Nyumba maarufu kuliko zote za Kijaluo katika televisheni ya Kenya iliendeshwa na watu wawili ambao hawakuzaliwa Wajaluo, na watazamaji wengi hawakujua hilo mpaka magazeti yalipowaeleza. Wanjau alifariki Julai 2015.

Alifaulu kwa sababu ileile iliyomfanikisha Whitaker. Hakuigiza kabila, aliigiza mtu. "Sh" ilikuwa "s" kila mara, bila kusahau na bila kuikazia ili watu wacheke. Wimbo wa sentensi ulikuwa wa ziwani. Kicheko kilitokana na ujanja wa Ojwang, ubishi wake na aibu zilizompata, na mtu wa kabila lolote alimwona humo baba yake au mjomba wake. Jambo hilo lilitendeka katika nchi ambayo siasa za Wakikuyu na Wajaluo ziligawanyika vibaya tangu miaka ya 1960. Mkikuyu alipendwa na taifa zima akiwa Mjaluo, na Wajaluo wenyewe walimchukua kuwa wao. Hakuna tuzo ya lafudhi inayozidi hiyo.

Uigaji wa mtu mmoja mwenye cheo ulikuwa na njia yake. Kundi la Redykyulass la Kenya, lenye Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, lilijulikana kwa kumwigiza Rais Daniel arap Moi akiwa bado madarakani. Mong'are aliikamata sauti nzito ya Moi na namna yake ya kupumzika katikati ya sentensi. Watu walioishi kwa woga wa sauti ile waliisikia ikitoka kinywani mwa kijana, wakacheka.

Upande mbaya wa fani hii unafahamika Dar es Salaam na Nairobi sawia. Mlinzi wa getini hupewa lafudhi ya kabila moja, msichana wa kazi ya jingine, muuza duka ya jingine, daktari na mwanasheria hawapewi lafudhi kabisa. Mwigizaji wa bara akiigiza Mpemba hutia "yakhe" kila baada ya sentensi na kuvuta irabu ya mwisho, basi Mpemba amekamilika. Msukuma hugeuzwa mshamba aliyepotea Kariakoo. Kosa la maigizo hayo si kuiga. Ni uvivu wa kuiga herufi mbili kisha kuzifanya zibebe tabia, akili na kipato cha watu mamilioni. Kenya, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2007, ilipitisha mwaka 2008 sheria ya mshikamano na utangamano wa kitaifa inayokataza uchochezi na dharau za kikabila. Sheria inaweza kukamata tusi. Lafudhi iliyopewa daima mtu wa chini haiwezi kuikamata.

Marekani ilipitia mjadala wa aina hiyo kwa muda mrefu. Katika katuni ya The Simpsons, Hank Azaria alimsemea Apu, muuza duka Mhindi, tangu mwaka 1990. Kizazi cha watoto wa wahamiaji wa Kihindi kilikua kikitaniwa shuleni kwa sauti ile. Mwaka 2017 mchekeshaji Hari Kondabolu alitoa filamu ya maelezo kuhusu suala hilo, na mwaka 2020 Azaria aliacha kumsemea mhusika huyo. Ufundi wake haukuwa na kasoro kubwa. Tatizo lilikuwa kwamba kwa miaka mingi Wahindi wa Marekani walikuwa na sauti moja tu kwenye televisheni, na haikuwa yao.

Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair, inaonyesha mpango bora. Hadithi ni ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe mjini Kampala aliyeinukia katika mchezo wa sataranji. Nafasi ya Phiona alipewa Madina Nalwanga, binti wa Uganda, na watoto wengi waliomzunguka walikuwa Waganda wenye sauti zao wenyewe. Nyong'o akawa mama yake, na David Oyelowo, Mwingereza mwenye wazazi Wanaijeria, akawa mwalimu Robert Katende. Hapo waliotakiwa kujirekebisha ni watu wazima wenye majina makubwa, wakiwa wamezungukwa kutwa nzima na lafudhi halisi. Nyong'o, kwa Mkenya, alikuwa na kazi ndogo kwa macho ya mgeni na kubwa kwa sikio la jirani, kwa sababu Kiingereza cha Kampala kina irabu ndefu na upole wa wimbo ambao Kiingereza cha Nairobi hakina.

Ipo pia njia ya kuiacha lafudhi kabisa. Katika filamu ya The Death of Stalin ya mwaka 2017, mwongozaji Armando Iannucci hakutaka Kiingereza chenye kinywa cha Kirusi. Aliwaacha waigizaji na sauti zao au na sauti za nchini kwao, na Jason Isaacs akampa Marshal Zhukov lafudhi ya Yorkshire, ya mtu mkavu asiyezunguka maneno. Tamthilia ya Chernobyl ya mwaka 2019 ilitumia sauti za Uingereza kwa sababu ya aina hiyo: Warusi wakiwa peke yao hawasikiani kwa lafudhi ya kigeni, basi kumpa kila mmoja lafudhi ya kigeni ni kuongopa.

Kiswahili kiliifuata njia hiyo mapema. Julius Nyerere alipotafsiri tamthilia za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, Warumi na watu wa Venisi walizungumza Kiswahili kizima, bila dalili ya kwao. Leo tamthilia za Kituruki, Kihindi na Kikorea zinazoingizwa sauti Dar es Salaam hufanya vivyo hivyo, na ni uamuzi wa heshima, kwa maana Mturuki hafanywi kichekesho. Kinachokosekana ni ngazi za ndani. Sultani, waziri wake, mtumwa aliyetekwa nchi ya mbali na mpishi wa jikoni wote husikika kama waliokulia mtaa mmoja wa jijini, ilhali hadithi yenyewe imejengwa juu ya tofauti zao. Kiswahili kina sauti za kutosha kuzionyesha tofauti hizo bila kumdhalilisha mtu: upole wa Unguja, uzito wa Mombasa, mwendo wa bara, Kiswahili cha Kigoma na cha Kisangani. Waongozaji wa sauti bado hawajaanza kuzigawa.